Kuondoa Draivu ya Zamani ya Mtandao Katika Kompyuta: Rai Zinazoshindana na Uzito Wake

Katika kata ya Mkuza, na katika mji mzima wa Kibaha uliotandaa kandokando ya barabara iendayo Morogoro, kompyuta imekwisha kuwa chombo cha kila siku katika shule, zahanati, ofisi za vyama vya akiba na mikopo, mashamba ya kuku na maduka ya stesheneri. Na pamoja na kuenea kwa chombo hicho limeenea swali moja ambalo, kwa udogo wake, halikustahili kuzusha fadhaa kubwa kiasi cha ile iliyozushwa. Mtu hufungua kompyuta yake asubuhi, akatazama orodha ya draivu, akaona chini ya C na D herufi nyingine, aghalabu Z au Y, iliyopigwa alama nyekundu ya X, na ubavuni mwake jina la seva ambayo pengine ilikwisha kuzimwa, kuuzwa au kuharibika tangu zamani. Akiibofya, kompyuta huduwaa kwa muda, kisha humpa habari kwamba njia haikupatikana. Hapo ndipo maswali huanza. Je, aiondoe? Akiiondoa, mafaili yaliyokuwa humo yatapotea? Na ikiwa aliiondoa jana kwa mkono wake mwenyewe, ni nani aliyeirudisha leo?

Majibu ayapatayo ni mengi, na kila moja hulipinga jingine. Mwenzake wa meza ya pili humwambia aiache kwa kuwa haimdhuru. Kijana mwenye bidii humwandikia amri moja ya kuziondoa zote kwa mpigo. Fundi wa dukani humwambia kwamba dawa yake ni kupiga Windows upya. Mwalimu wa kompyuta humwonyesha kitufe cha kulia cha kipanya. Na afisa wa TEHAMA, kama yupo, humwonya asiguse kitu. Watu hawa hawakosi akili, wala hakuna hata mmoja wao asemaye uongo mtupu. Hitilafu yao imetokana na kwamba kila mmoja anajibu swali lake, maana chini ya alama ile moja nyekundu yamejificha mambo kadha yasiyofanana, na asiyeyatenganisha hayo kwanza hawezi kuchagua dawa kwa haki.

## Herufi ilikotoka

Herufi hizi ni urithi wa zamani kuliko wengi wadhanivyo. Mfumo wa CP/M, uliotungwa na Gary Kildall katika miaka ya 1970, ulizipa diski majina ya herufi. MS-DOS ya mwaka 1981 ikaupokea mtindo huo. A na B zikawekwa kwa ajili ya diski laini za kutia na kutoa, C ikawa ya diski ngumu ya ndani, na zilizosalia hadi Z zikabaki wazi kwa chochote kitakachokuja. Kilichokuja kilikuwa mtandao. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 Barry Feigenbaum wa IBM alibuni itifaki ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la SMB, ambayo kwayo kompyuta moja iliweza kufungua mafaili yaliyomo katika kompyuta nyingine kana kwamba yamo ndani yake yenyewe; na ili programu za wakati ule, ambazo hazikujua lugha nyingine ila ya herufi, zipate kuifaidi neema hiyo bila ya kuandikwa upya, folda ya mbali ilivikwa herufi na kuwekwa safuni pamoja na diski za nyumbani.

Hila hiyo ilikuwa ya hekima, nayo imeishi kwa miaka 40. Lakini taksiri yake ilizaliwa pamoja nayo. Mtumiaji aonaye Z imekaa sambamba na C hudhani kwamba zote mbili ni vitu vya jinsi moja, ilhali C ni chombo kilichomo ndani ya kompyuta yake na Z ni kumbukumbu tu. Kumbukumbu hiyo ina sehemu chache: herufi yenyewe, njia iendayo kwenye seva na folda yake, ambayo huandikwa ikitanguliwa na mikwaju miwili ya kinyume, \\, alama ya kuonyesha kama muungano urudishwe kila mtu aingiapo, na pengine jina na nywila ya kuingilia, ambavyo huhifadhiwa mahali pengine kabisa. Katika Windows habari hizi huandikwa katika rejista ya mtumiaji mwenyewe, chini ya tawi liitwalo Network, na kwa sababu hiyo watu wawili watumiao kompyuta moja kwa majina mawili huweza kuwa na herufi tofauti kabisa, na mmoja akiiondoa yake, ya mwenzake haiguswi.

Kutoka hapa hupatikana jibu la hofu iliyo kubwa kuliko zote. Kuondoa draivu ya mtandao ni kufuta anwani ya nyumba katika daftari: nyumba haibomoki, wala wakaao ndani hawahami. Mafaili yaliyoko katika seva hubaki yalivyokuwa, na mwenye kuijua njia aweza kuunganisha tena dakika ileile. Lakini hofu hii ina ndugu yake ambayo watu hawaijali, nayo ndiyo ya kuogopwa. Mtu akiifungua Z iliyo hai, akachagua yote yaliyomo na kubonyeza kitufe cha kufuta kwa kudhani kwamba anaisafisha kompyuta yake, ameifuta mali ya ofisi nzima. Na kifutwacho katika draivu ya mtandao kwa kawaida hakiendi kwenye pipa la taka la kompyuta yake, hutoweka hapohapo, ikabaki kutegemea nakala za akiba kama kuna aliyeziweka. Umbali uliopo kati ya kuiondoa herufi na kuyafuta yaliyomo ni wa kubofya mara moja, na katika shughuli hii yote hapana mahali pengine palipo na hatari iliyo sawa na hiyo.

Hapa Tanzania kuna sababu ya ziada ya kutofahamika kwa jambo hili. Mwaka 1974 Serikali ilizuia kuingizwa kwa kompyuta nchini, na zuio hilo lilikuja kulegezwa wakati wenzetu wa nchi nyingine wamekwisha kuzizoea. Sera ya kwanza ya taifa ya TEHAMA ilitoka mwaka 2003. Wengi wetu, basi, hatukupita katika zama za diski laini na amri zilizoandikwa kwa mkono, ambamo mtu alijifunza kwa lazima herufi ni nini na imetoka wapi. Tulikabidhiwa ofisi zilizokwisha kuunganishwa, herufi ikiwa tayari mahali pake, na aliyeiweka akiwa amekwisha kwenda zake.

## Iliyokufa na iliyolala

Kuna draivu zilizokufa kweli, na sababu za kufa kwake ni bayana. Seva huzeeka na kuondolewa. Shughuli zilizofanywa zamani katika faili moja lililowekwa kwenye folda ya pamoja zimehamia katika mifumo ya wavuti: PlanRep, ambayo halmashauri hutumia katika mipango na bajeti, ilihamishiwa katika wavuti mwaka 2017, na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ikaupa mwendo huo wa ofisi za umma kuhamia mtandaoni nguvu ya kisheria; ndipo folda iliyokuwa moyo wa idara ikaachwa bila ya kuagwa, na herufi yake ikasalia katika kila kompyuta iliyowahi kuifungua. Watumishi nao huhamishwa. Mwalimu atokaye Kisarawe kuja Kibaha huja na kompyuta yake ya mkononi, na ndani yake huja herufi ya seva ya shule aliyoiacha nyuma ya vilima. Kadhalika kompyuta za ofisi hupigwa mnada, zikanunuliwa na kuuzwa tena, hata zikafika mikononi mwa mtu asiyejua lolote kuhusu seva ambayo jina lake analiona kila asubuhi.

Nyingine zilikufa kwa amri ya usalama. Tarehe 12 Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilienea duniani kwa kupitia udhaifu wa toleo la kwanza la SMB, ingawa Microsoft ilikwisha kutoa kiraka cha udhaifu huo mwezi Machi; na tangu toleo la Windows 10 lililotoka Oktoba ya mwaka huohuo, kompyuta inayofungwa Windows upya haiji tena na SMB ya kwanza, au huiondoa yenyewe isipotumika. Vyombo vya kuhifadhi mafaili ambavyo havikujua kusema kwa toleo jingine vikawa vizima lakini visivyosemeshwa. Mwaka 2024 Windows 11, kwa toleo lake la 24H2, iliongeza masharti: katika aina zitumikazo maofisini hukataa kwa kawaida kuingia kama mgeni asiye na nywila, na hutaka kila ujumbe utiwe sahihi ya kuthibitisha utokako. Draivu iliyofunguka vizuri kabla ya sasisho ikakataa baada yake, na mwenyewe akadhani seva imeharibika.

Lakini zilizolala ni nyingi kuliko zilizokufa, na hili ndilo wengi hawalizingatii. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta ya mezani huamka upesi kuliko seva na vyombo vya mtandao, ikatafuta draivu zake, ikazikosa, ikazipiga alama nyekundu, na haizitafuti tena mpaka iombwe. Kompyuta ya mkononi itumiayo Wi-Fi hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa mtu huweza kuingia kabla ya Wi-Fi kushika. Seva ya Windows, kwa kaida yake, huukata muungano uliokaa dakika 15 bila ya kutumika ili kupunguza mzigo, na alama nyekundu yaweza kuonekana ingawa draivu itafunguka mara tu ibofywapo. Lilikuwapo hata toleo moja la Windows 10, lile la 1809, ambalo kwa ila yake lenyewe lilishindwa kurudisha draivu baada ya mtu kuingia, na Microsoft ikalazimika kueleza njia ya kulikwepa tatizo hilo. Mwisho kabisa kuna nywila iliyobadilishwa: seva i hai, mafaili yapo, ila kompyuta inabisha mlango kwa ufunguo wa mwaka jana.

Kuzipambanua mbili hizi ni sahali. Kwanza ibofye, uipe muda. Pili, andika njia nzima ya seva na folda katika kisanduku cha anwani kilicho juu ya dirisha, bila ya kutumia herufi. Tatu, muulize aliye karibu nawe kama yake inafunguka. Akijibu kwamba inafunguka, ugonjwa uko kwako, na hujapata haki ya kuihesabu miongoni mwa zilizokufa.

## Rai ya kuiacha ilivyo

Wasemao kwamba iachwe wana hoja ya tahadhari. Herufi isiyotumika haili nafasi ya kuhesabika, asiyegusa haharibu, na kama draivu imelala tu, aliyeiacha ataikuta siku seva itakapoamka, ambapo aliyeiondoa atakwenda kuomba njia ambayo labda hakuna akumbukaye. Katika ofisi isiyo na mtaalamu, hoja hii si ya kudharauliwa.

Udhaifu wake ni kwamba inachukulia draivu iliyokufa kuwa kitu kimya, na hakiko kimya. Kila mtu aingiapo kompyuta huijaribu tena, na kila afunguapo dirisha la kuhifadhi faili, programu huweza kusimama ikingoja jibu la seva isiyokuwapo. Mtu hulaumu kompyuta yake kwa uzito, akanunua kumbukumbu zaidi, akaondoa programu asizozitumia, na chanzo kiko pale pale chini ya macho yake.

Fauka ya hayo iko hatari ya usalama, nayo ni ya kweli ingawa haionekani. Kompyuta itafutayo seva kwa jina, ikakosa kuambiwa iliko, huweza kuuliza jina hilo kwa sauti katika mtandao wote wa karibu. Na mwenye hila aliyeko katika mtandao huohuo, tuseme katika Wi-Fi ya wageni, aweza kujibu kwamba yeye ndiye seva ile, akapokea katika mazungumzo hayo ithibati ya nywila ambayo baadaye ataijaribu kuivunja kwa nafasi yake. Na katika ofisi ambazo kompyuta zimefungamanishwa na seva kuu, draivu iliyohifadhiwa na nywila ya zamani ni moja katika sababu zijulikanazo za akaunti ya mtumishi kufungwa mara kwa mara: kompyuta hupeleka nywila mbovu tena na tena bila ya yeye kujua, mpaka seva ikamhesabu kuwa mwizi.

Lipo pia jambo la amana. Kompyuta iliyouzwa ikiwa na njia na nywila ya ofisi ni mlango uliouzwa pamoja na ufunguo wake, na anunuaye hapaswi kuujaribu, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imekataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ya idhini. Aliyeuza naye hana udhuru: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka ashikaye taarifa za watu azilinde, na taarifa za wanafunzi au wagonjwa hazilindwi na aliyeacha njia ya kuzifikia mikononi mwa mpita njia.

## Rai ya kufagia zote kwa amri moja

Amri ya net use, iandikwapo peke yake katika dirisha jeusi la amri, huonyesha miungano yote ya mtumiaji. Ikiongezewa nyota na neno la kufuta, yaani net use * /delete, huiondoa yote. Sifa yake ni wepesi, na kwa mtu aliyeacha kazi, ambaye hana tena haja wala haki ya seva yoyote ya pale, hapana njia iliyo nadhifu kuliko hiyo.

Kwa aliye kazini hali ni nyingine, kwani nyota haichagui. Huondoa Y iliyo hai pamoja na Z iliyokufa, na programu za hesabu au orodha za Excel zilizoandikwa zitafute Y hukosa mwelekeo, mhasibu akapata habari kwamba kitabu chake hakipo siku ya kufunga hesabu. Windows huuliza kwanza, na huonya kama kuna faili lililo wazi. Ila wako waiandikao amri hiyo kwa kuongeza alama ya kuikubali mapema, wakalinyamazisha onyo ambalo liliwekwa kwa ajili yao. Ni ajabu kidogo kwamba amri hii ndiyo huenezwa zaidi kwa mdomo kuliko nyingine zote, wala sioni sababu ya umaarufu wake ila ufupi.

## Rai ya kupiga Windows upya

Hii ni rai ya dukani, na haifai kuitupa kwa dharau. Fundi aletewaye kompyuta nzito, yenye herufi zisizoeleweka na virusi visivyohesabika, hana muda wala malipo ya kuchunguza kila kimoja. Akipiga Windows upya, rejista ya mtumiaji huenda, na pamoja nayo herufi zote na nywila zote. Kwa kompyuta iliyonunuliwa mnadani au iliyotoka ng'ambo ikiwa imetumika, fundi yuko sahihi kuliko wote waliotajwa katika makala haya, kwa kuwa mnunuzi hawezi kujua nini kingine kimeachwa humo.

Kwa kompyuta ya mtu mwenyewe, ikiwa taabu ni herufi moja tu, rai hii ni ya gharama isiyolingana na jambo. Mafaili yaliyo mezani pa kompyuta na katika folda ya nyaraka huwa hatarini asipokumbuka kuyanakili. Programu zenye leseni huhitaji kufungwa tena. Siku nzima hupotea. Na katika ofisi yenye seva kuu, baada ya yote hayo, kompyuta ikiunganishwa tena herufi hurudi, ikiwa haikuwekwa na kompyuta ile bali na maagizo ya seva hiyo.

## Rai ya kuiondoa moja kwa moja, herufi kwa herufi

Njia hii ni ya kawaida na haihitaji ufundi: mtu hufungua dirisha lionyeshalo draivu, huibofya ile asiyoitaka kwa kitufe cha kulia, na huchagua neno Disconnect. Ambaye dirisha lake limeduwaa aweza kuandika net use Z: /delete na kupata matokeo yaleyale. Ikiwa kompyuta inakataa kwa kusema kwamba kuna faili linalotumika, na alifunge. Ikiwa herufi imeondoka lakini sura yake ingali inaonekana, atoke na kuingia tena.

Mambo mawili huwasumbua waifuatao njia hii, na yote mawili yana maelezo. La kwanza ni kwamba dirisha la amri lililofunguliwa kwa madaraka ya msimamizi halioni draivu zilizounganishwa kwa madaraka ya kawaida, ingawa mtu ni yuleyule. Aiondoaye Z kutoka dirisha hilo huweza kuambiwa kwamba haikupatikana, naye anaiona kwa macho yake. La pili ni nywila: kuiondoa herufi hakuiondoi nywila iliyohifadhiwa, ambayo hukaa katika sehemu ya Windows iitwayo Credential Manager, na sharti ifutwe huko kwa mkono. Aliyeondoa herufi akaacha nywila amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo yenye hatari.

Liko pia tukio moja ambalo ndani yake kauli ya kwamba hakuna kinachopotea huhitaji kuwekewa mpaka. Baadhi ya folda za mtandao huwekewa nakala ndani ya kompyuta ili zitumike wakati seva haipatikani, na mabadiliko hupelekwa kwenye seva muungano urudipo. Mtu aliyekuwa akifanya kazi katika nakala hiyo, seva ikafa kabla ya kupokea mabadiliko yake, kazi yake ya karibuni iko mahali pamoja tu, nako ni kwake. Huyo asiondoe chochote kabla ya kuihamishia kazi hiyo katika folda ya kawaida ya diski yake.

Na zile zinazorudi? Herufi irudiyo kila asubuhi haikuwekwa na mtumiaji, kwa hiyo mtumiaji hawezi kuimaliza. Huletwa na hati ya amri isomwayo kila mtu aingiapo, au na maagizo ya seva kuu ambayo msimamizi aliyaandika kwa kompyuta zote za idara, na yatatekelezwa hata kama seva iliyotajwa humo imekwisha kuwa chuma chakavu. Katika hali hiyo kuiondoa kila siku ni kupoteza siku. Dawa iko kwa aliyeandika maagizo, naye aweza kuyageuza yawe ya kufuta badala ya kuunganisha, herufi ikaondoka katika kompyuta 50 kwa asubuhi moja. Hapa ndipo onyo la afisa wa TEHAMA lipatapo uzito wake. Ila onyo hilo lina thamani kwa afisa atekelezaye wajibu wake, na halina thamani yoyote kwa yule ambaye hukataza watu kugusa na mwenyewe asiguse.

## Wanaotaka herufi zikome kabisa

Wengine wavuka mabishano yote haya kwa kusema kwamba zama za seva ya chumbani zimekwisha, mafaili yawekwe katika hifadhi za intaneti, na herufi zisiwe na kazi. Hoja yao ina nguvu kwa ofisi ndogo: hapana seva ya kuzeeka, wala umeme wa kuilinda, na faili hupatikana Mkuza sawa na Dodoma. Lakini hata huko herufi haikutoweka, maana programu ya Google Drive ya kompyuta hujipatia herufi yake, kwa kawaida G, na siku akaunti ifungwapo itakuwa na maswali yaleyale.

Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi ambazo intaneti yake ilidhoofika kwa siku kadha. Ofisi iliyokuwa na folda yake katika seva ya chumba cha pili iliendelea kuyafungua mafaili yake. Iliyoyaweka yote ng'ambo ilingoja. Iongezwe gharama ya vifurushi, na masharti ambayo sheria ya mwaka 2022 imeyaweka juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na itakuwa dhahiri kwamba kuhama si jibu la swali la herufi moja iliyochakaa. Ni uamuzi mwingine, mkubwa zaidi, na ufanywe kwa sababu zake.

## Upande unaozidi

Nikizilinganisha rai hizi naona kwamba kuiacha draivu iliyokufa hakuna utetezi pindi kifo chake kikithibitika, kwa kuwa faida yake ilikuwa ya shaka tu na hasara yake ni ya kila siku. Kufagia zote kumfae aondokaye kazini, na kupiga Windows upya kumfae anunuaye kompyuta ya mtu. Kwa wengine wote njia ya haki ni kuondoa herufi moja baada ya nyingine, nayo hushinda kwa sababu ndiyo pekee ambayo kosa lake hurekebishika kwa dakika moja, mradi njia ya seva imeandikwa kwanza katika karatasi.

Mzigo mkubwa zaidi, hata hivyo, haumwangukii mtumiaji. Ofisi, shule au chama kizimacho seva kina wajibu wa kuifuta herufi yake palipoandikwa maagizo kabla ya kuchomoa waya, na kuwatangazia waliokuwa wakiitumia mafaili yao yamehamia wapi. Wenye dhamana hizo Kibaha na Kisarawe wana orodha ya seva zao; waipitie, na kila seva iliyozimwa waiondolee herufi yake kabla ya mtumishi mwingine kuhamishwa nayo.